Mlinzi wa Mto Ndiye Anayeuchafua

Tarehe 5 Juni mwaka jana, Siku ya Mazingira Duniani, mwenyekiti wa baraza letu la mji alishuka mtoni. Alikuwa amevaa fulana ya kijani juu ya shati lake, na glavu za mpira mikononi. Nyuma yake walikuja madiwani, walimu, watoto wa shule mbili za msingi, kwaya moja, na sisi wachache tuliokuwa likizoni kutoka vyuo vikuu. Tuliokota chupa za plastiki na ile mifuko ambayo sisi watu wa Uganda tunaiita kaveera. Ilipofika saa nne tulipanga mstari tukapigwa picha. Mwenyekiti akahutubia. Alisema mto ni uhai, na kwamba kila mwananchi anapaswa kuwa mlinzi wake. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Hatua arobaini hivi juu ya pale tulipopigwa picha kuna bomba. Linatoka katika machinjio ya mji, linapita chini ya uzio wa mabati, na kumwaga moja kwa moja mtoni. Siku ile lilikuwa kavu kwa sababu uchinjaji ulisimamishwa kwa heshima ya wageni. Kesho yake nilirudi peke yangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji yaliyokuwa yakitoka pale yalikuwa mekundu, na yalikuwa na mvuke kama chai.

Machinjio yale si ya tajiri fulani, wala si ya kampuni kutoka nje. Ni mali ya baraza la mji. Ukuta umeandikwa jina la baraza, ushuru wa kila ng'ombe na kila mbuzi unakwenda kwa baraza, na bomba lile lilichimbiwa na baraza. Yaani yule aliyetuhutubia kuhusu ulinzi wa mto ndiye mwenye bomba.

Hoja yangu katika insha hii ni moja tu. Katika miji midogo kama wetu, mchafuzi wa kwanza wa mto ni baraza lenyewe ambalo sheria imelikabidhi mto huo. Kabla ya kumfundisha mwananchi kutotupa chupa, sharti baraza lijibu kuhusu bomba lake. Na sisi wasomi tunaoshiriki katika siku za usafi bila kuuliza swali hilo tunasaidia kulificha bomba.

Sitautaja mji wangu. Sababu ya kwanza ni kwamba mama yangu bado anaishi pale na leseni ya biashara yake hutolewa na ofisi ninayoilaumu. Sababu ya pili ni kwamba jina halina umuhimu sana. Msomaji aliyekulia katika mji mdogo wowote wa Afrika Mashariki wenye soko, machinjio na kijito, aweke jina la mji wake. Nadhani litakaa vizuri.

Nitasema tu kwamba tuko magharibi mwa Uganda, na kwamba kijito chetu, ambacho sisi tunakiita mto, kinaingia Rwizi. Rwizi ni mto unaoanzia katika vilima vya Buhweju. Unapita Mbarara, na maji yake ndiyo yanayochujwa na Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka kwa ajili ya wakazi wa jiji hilo. Kutoka hapo unaendelea mashariki hadi kwenye ardhi oevu na maziwa madogo ya upande wa Ziwa Mburo, ambayo ni sehemu ya bonde la Ziwa Viktoria. Kwa hiyo msomaji wa Mwanza au Kisumu asidhani nasimulia habari za mbali. Tunachokimwaga sisi asubuhi kinaanza safari ya kuelekea upande wake.

Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa nateka maji mtoni kwa jerikeni ya lita tano. Kaka yangu alibeba ya lita ishirini. Bibi alitufundisha kuteka juu ya daraja, si chini yake, kwa sababu chini watu walifulia nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yote ya mazingira tuliyoijua, na ilifanya kazi, kwa kuwa kila mtu aliijua na kila mama aliisimamia. Mtoto aliyefulia juu ya daraja alirudi nyumbani akilia.

Siku hizi mama ana hoteli ndogo karibu na stendi: matooke, maharagwe, nyama ya mchuzi, chai. Bomba la maji lipo, lakini linakauka siku mbili au tatu kwa wiki. Siku hizo maji huja kwa baiskeli, jerikeni sita kwa safari moja. Muuza maji akiulizwa ametoa wapi, husema kisimani. Kisima kiko mbali na kina foleni, na mto uko karibu wala hauna foleni. Mama anajua na muuza maji anajua kwamba mama anajua. Mama huchemsha. Anachemsha mpaka kuni zinaisha. Lakini kuchemsha kunaua vijidudu tu. Hakuondoi oili ya injini wala sabuni.

Ndiyo, oili. Chini kidogo ya machinjio kuna mahali pa kuoshea magari na pikipiki za boda boda. Vijana pale hulipa ada ya kila siku kwa mkusanyaji aliyepewa zabuni na baraza. Na juu ya machinjio, kwenye mteremko, ndipo trekta la baraza humwaga takataka za soko. Mvua ikinyesha, mteremko unafanya kazi yake. Kwa hiyo ukisimama darajani ukatazama juu, unaona vyanzo vitatu vya uchafu: jaa, machinjio, na mahali pa kuoshea magari. Cha kwanza ni cha baraza, cha pili ni cha baraza, na cha tatu kinalipa baraza.

Sisomi sayansi, nasoma Kiswahili. Lakini rafiki yangu wa biolojia alinieleza jambo ambalo nadhani kila diwani anaweza kulielewa. Damu na kinyesi vikiingia katika maji huwa chakula cha bakteria. Bakteria wakila huongezeka, na wakiongezeka hutumia oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikiisha, samaki na wadudu wa majini hufa, na maji huanza kunuka kama yai bovu. Harufu ile tunayoisikia mwezi wa Julai, mto ukipungua, ndiyo hiyo. Na ndani ya kinyesi kuna vijidudu vinavyoleta kuhara na homa ya matumbo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani hakina mzaha: katika mililita 100 za maji ya kunywa hakupaswi kuonekana hata kijidudu kimoja cha E. koli, kile kinachoonyesha kwamba kinyesi kimeingia katika maji.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu aliugua homa ya matumbo. Alikosa nusu ya muhula, akaja kurudia darasa. Siwezi kuapa mahakamani kwamba ugonjwa ule ulitoka katika bomba lile. Ungeweza kutoka katika embe ambalo halikuoshwa. Lakini huo ndio ujanja wa uchafuzi wa mto: unatudhuru sote kidogo kidogo, bila kuacha saini. Ndiyo maana hatuwezi kumwachia kila mgonjwa kazi ya kuthibitisha. Wajibu wa kuthibitisha kwamba maji ni salama ni wa yule aliyekabidhiwa maji.

Nani aliyekabidhiwa? Hapa sheria za Uganda hazina utata. Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa mwaka 1935 wakati bibi yangu hajazaliwa, iliziagiza mamlaka za mitaa kuchukua hatua za kuzuia uchafuzi wa maji ambayo umma unayatumia kwa kunywa na kwa kazi za nyumbani. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaweka machinjio na uondoaji wa takataka miongoni mwa kazi za mabaraza ya miji. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka ukanda wa mita 100 uachwe kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 kando ya mito mingine. Nilipima kwa hatua kutoka ukuta wa machinjio yetu hadi kwenye maji. Nilipata hatua kumi na mbili.

Juu ya zote hizo iko Katiba ya mwaka 1995. Kifungu cha 39 kinampa kila Mganda haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Na kifungu cha 237 kinasema kwamba serikali kuu au serikali ya mtaa, kadiri Bunge litakavyopanga kwa sheria, inashika mito, maziwa, ardhi oevu na misitu ya hifadhi kwa amana ya wananchi wote.

Naomba walimu wangu waniruhusu nisimame kidogo juu ya neno hilo, amana. Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua uzito wake. Amana si zawadi, wala si mali yako. Ni kitu cha mwenzako alichokuachia ukitunze, na siku atakayokuja kukitaka ukimrudishie kikiwa kama alivyokuacha nacho. Aliyepewa amana akaila, Kiswahili hakisemi kwamba ana changamoto za utekelezaji. Kinasema amefanya hiana.

Basi Juni ile ile nilikwenda ofisini kwa baraza. Nilitaka kujua vitu viwili tu: ushuru wa machinjio ulioingia katika mwaka wa fedha uliopita ni kiasi gani, na katika huo ni kiasi gani kilitumika kwa ajili ya usafi wa machinjio yenyewe. Mara ya kwanza niliambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili niliambiwa niandike barua. Niliandika, nikataja Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Nilibaki na nakala yenye mhuri. Siku 21 zilipita, na nyingine kumi baada yake. Mara ya tatu nilipokelewa na mzee mmoja mpole, akanikaribisha kiti.

“Binti yangu,” alisema, “wewe ni mtoto wa nani?”

Nikamwambia.

“Aa, mama yako namjua. Anapika vizuri. Sasa niambie, umetumwa na nani?”

“Sikutumwa na mtu, mzee. Ni mimi mwenyewe nataka kujua.”

Alicheka, bila ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto. Akaniambia nimalize masomo kwanza. Kisha akaongeza kwamba mama anahitaji amani katika biashara yake.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Umetumwa na nani? Katika akili ya ofisi ile, mwananchi hawezi kuuliza kwa ajili yake mwenyewe. Lazima yuko mpinzani wa kisiasa nyuma yake, au shirika la nje, au ndugu aliyeshindwa uchaguzi. Neno uwajibikaji tunalifundishwa darasani kwamba linatokana na wajibu. Kule ofisini nimejifunza kwamba wao wanaona wajibu wao ni kwa waliowapa vyeo na si kwa waliowapa kura. Anayewajibika kwa juu hawezi kuona sababu ya kujibu chini. Na kutaja biashara ya mama yangu hakukuwa bahati mbaya. Lilikuwa jibu lenyewe.

Watetezi wa baraza wana hoja zao. Nimezisikia stendi, kanisani, na hata katika mabweni ya chuo. Ni haki nizitaje.

Hoja ya kwanza ni kwamba baraza halina fedha. Ni kweli mabaraza madogo hutegemea sana ruzuku kutoka serikali kuu, na mara nyingi ruzuku hizo huja zimeshapangiwa kazi. Lakini ushuru wa machinjio ni mapato ya mji wenyewe. Na tuangalie kinachotakiwa. Damu inaweza kukingwa katika pipa badala ya kuachwa ikimbilie mferejini. Masalia ya matumbo ya ng'ombe yanaweza kurundikwa na kuozeshwa yawe samadi. Maji ya kuoshea yanaweza kupitishwa katika mashimo mawili au matatu ya kutuamisha, mafuta yakabaki juu na tope likabaki chini, kabla ya kwenda popote. Kazi hiyo yote ni ya matofali, saruji na chepe. Wala usisahau tuko wapi: nchi ya migomba. Wakulima wanaotuzunguka hununua samadi kwa fedha taslimu na kuisafirisha kwa malori. Baraza letu linamwaga mtoni kila asubuhi kitu ambacho jirani yake angekilipia, kisha linasema halina fedha.

Hoja ya pili ni kwamba hiyo ni kazi ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira iliyoko Kampala. Hoja hii ina safari ndefu. Ukimwendea mwenyekiti wa LC1 kijijini atakuelekeza LC3. LC3 itakuambia ni suala la afisa mazingira wa wilaya. Wilayani utaambiwa idara haina usafiri, ungoje NEMA. Kila ngazi inanyoosha kidole juu, na huko juu kabisa kuna mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la kijito chetu. Lakini hebu fikiria: NEMA ndiyo iliyochimbia lile bomba? NEMA ndiyo inayokata risiti za ushuru? Mwenye nyumba ambaye choo chake kinatiririka uani kwa jirani hawezi kusema anasubiri polisi waje wamzibie. Mamlaka ya taifa ipo ili kumsimamia asiyetimiza wajibu. Kuwepo kwake hakumwondolei mtu wajibu wake.

Tena, kumwachia baraza peke yake kujikagua ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani. Afisa afya wa mji anayepaswa kuyafunga machinjio machafu ni mwajiriwa wa mwenye machinjio. Simlaumu akinyamaza, ana watoto wa kusomesha. Ndiyo maana jicho la kulitazama baraza lazima litoke nje ya baraza, na jicho la karibu zaidi ni la wananchi wenyewe.

Hoja ya tatu inauma, kwa sababu ina ukweli ndani yake: wananchi wenyewe ni wachafu. Ni kweli. Maji ya vyombo ya hoteli ya mama yangu, yenye mafuta, yanamwagwa katika mtaro wa barabara, na mtaro ule unaishia mtoni. Nimeyamwaga kwa mikono yangu mwenyewe mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Nyama ya mchuzi tunayoiuza imetoka katika machinjio yale yale. Kifungu cha 17 cha Katiba kinanitaja na mimi, kwa kuwa kulinda mazingira ni wajibu wa kila raia. Sitaki kujitoa katika orodha ya wakosaji.

Lakini mama akiuliza maji yale ayamwage wapi, hakuna mahali. Mji hauna mfereji wa maji machafu wala gari la kunyonya, na ada ya leseni anailipa kila mwaka. Kosa la mama na kosa la baraza hayalingani. Mama anakosea kwa kukosa njia, na baraza linakosea likiwa na njia, sheria na risiti mkononi. Mwenye kosa dogo anahubiriwa kila tarehe 5 Juni. Mwenye kosa kubwa ndiye anayehubiri.

Hoja ya nne ni ya ajira. Tukiyafunga machinjio, vijana watakula wapi? Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa baadhi ya vijana wale nilisoma nao. Wanaosha matumbo ya ng'ombe miguu mitupu, wamesimama katika maji ambayo mimi naogopa kuyagusa. Mmoja wao ana kidonda mguuni kisichopona. Sisemi machinjio yafungwe. Nasema yajengwe kama mahali pa kazi ya binadamu, wapewe buti, na uchafu uende shimoni. Anayetumia ajira za vijana kama ngao ya bomba hajawahi kuwauliza vijana wenyewe kuhusu bomba.

Na wapo wanaosema tusubiri, mji ukikua mambo yatakaa sawa. Kwa hao nina mfano kutoka wilaya ya Kasese, kaskazini-magharibi mwetu. Kule Kilembe shaba ilichimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1950. Mawe yaliyosagwa na kutolewa madini yakarundikwa katika bonde la mto Nyamwamba. Migodi ikanyamaza, waliochimba wakaondoka, marundo yakabaki na metali zake. Mwezi Mei 2013 mto ulifurika, na Mei 2020 ukafurika tena hadi hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Kila maji yakipanda yanakula marundo yale na kuyabeba kuelekea Ziwa George. Leo muulize nani atalipa. Waliofaidika wako wapi? Mto haukusahau walichokiacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Kilembe hakuna baraza la mji linaloweza kuujenga. Ufa wa kwetu bado ni bomba moja.

Sasa nigeuke kwetu, wanafunzi wenzangu na walimu wetu.

Vyuo vyetu vina vilabu vya mazingira. Vinapanda miti, vinaokota chupa, vinaandaa mashindano ya insha. Sivibezi, kwani nilikuwa mwanachama. Lakini katika miaka miwili ya uanachama wangu hatukuwahi hata mara moja kuandika barua kwa baraza lolote. Tuliwaalika viongozi kuwa wageni rasmi, tukawapa maua na kiti cha mbele. Tumezoea kuona uchafuzi kama suala la tabia njema, jambo la kufundishwa watoto kwa nyimbo, wakati ni suala la mamlaka na fedha: nani anakusanya, nani anaamua, nani anajibu. Kuokota chupa chini ya bomba bila kuuliza habari za bomba ni kumpigia deki mtu anayeendelea kumwaga.

Tena kuna kazi ambayo ni yetu hasa, sisi wa lugha. Sheria zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Mama yangu alimaliza darasa la saba. Vijana wa machinjio wengi hawakufika hapo. Haki isiyosomeka kwa mwenye haki ina faida gani kwake? Na cha kuchekesha ni kwamba mwaka 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda ilianzisha mikutano ya wazi ambamo watumishi wa serikali wanapaswa kueleza mbele ya wananchi fedha zimefanya nini. Mikutano hiyo iliitwa nini? Baraza. Walichukua neno la Kiswahili, neno la mahali ambapo watu hukaa nje ya nyumba na kuzungumza macho kwa macho. Wameliandika katika nyaraka za Kiingereza, na katika mji wangu mkutano wenyewe sijawahi kuuona. Tumewaazima neno. Tuna haki ya kuwauliza wamelifanyia nini.

Mwezi Agosti, kabla ya kurudi chuoni, nilitafsiri vifungu vya 39 na 237 kwa Runyankore na kwa Kiswahili. Kaka alinichapia nakala ishirini. Nilibandika stendi, sokoni, kwenye nguzo ya daraja, na kwenye mlango wa bucha moja. Chini nilimalizia kwa swali: ushuru wa machinjio umefanya nini? Sikuweka jina langu. Baada ya siku mbili karatasi zote zilikuwa zimebanduliwa, isipokuwa ile ya bucha. Mwenye bucha alikataa isiondolewe. Alisema yeye ndiye anayelipa ushuru, na angependa kusikia jibu. Wiki iliyofuata wauza nyama watatu walikwenda ofisini pamoja, na hao hawakuulizwa wametumwa na nani.

Sisemi tumeshinda. Mama ananiambia kwa simu kwamba bomba bado linatiririka. Lakini nilichojifunza kwa wale wauza nyama ndicho ninachowaletea. Madai yetu yawe machache na yanayohesabika. Mapato na matumizi ya machinjio yabandikwe ukutani kwa ofisi kila robo mwaka, kwa lugha inayosomwa pale. Maji ya mto yapimwe juu ya mji na chini ya mji, na matokeo yabandikwe pembeni yake. Mashimo ya kutuamisha yachimbwe, na jaa lihamishwe kutoka mteremkoni, kwa tarehe inayojulikana. Mkutano wa baraza la wananchi uitishwe kweli. Na mwenyekiti atakayeshindwa kufanya hayo asialikwe tena kuwa mgeni rasmi wa klabu yoyote ya mazingira, iwe ya shule ya msingi au ya chuo kikuu.

Hilo la mwisho liko mikononi mwetu kabisa. Halihitaji ruzuku wala NEMA. Tarehe 5 Juni itarudi, na barua za mwaliko zitaandikwa na wanafunzi kama sisi, zitatiwa saini na walimu kama ninyi. Mwaka huu tusimwalike mtu mtoni kabla hajatujibu kuhusu bomba. Na akija bila kualikwa, tumpeleke hatua arobaini juu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumwombe ahutubie pale.